Mkono Ulionyooshwa Ijumaa

6 Februari

Mjomba wangu mheshimiwa,

Shikamoo. Ninaandika nikiwa mzima, tumbo limeshiba na viatu vimeng'aa, mambo mawili uliyonisisitizia siku niliyopanda basi. Nisalimie mkaza mjomba, na umwambie kwamba sufuria aliyonipa imewashinda wapangaji wenzangu wote kwa sauti ya kifuniko chake. Mama nitamwandikia kivyake, ingawa najua barua yake utaisoma wewe kwanza, kwa kuwa miwani yake haijawahi kupatikana siku barua inapofika.

Nina furaha kukuarifu rasmi kwamba nimeanza kazi katika maabara ya kiwanda cha losheni. Maabara ipo ghorofani, juu ya ukumbi ambamo chupa hujazwa na kufungwa vifuniko, kwa hiyo siku nzima sakafu hutetemeka kidogo miguuni kama tumbo la paka. Nimepewa koti jeupe lenye mifuko mitatu. Nimeajiriwa kwa majaribio ya miezi sita. Nikifanya vizuri nitathibitishwa, nikifanya vibaya nitarudi kufagia nywele katika kibanda chako cha kunyolea. Ninakusudia kuthibitishwa.

Kiwanda kinaandaa losheni mpya ya familia nzima, kuanzia mtoto mchanga, itakayoandikwa kwa herufi kubwa HAINA PARABENI. Parabeni, ukiniruhusu kueleza, ni jamii ya kemikali zinazozuia losheni isioze. Watu wamezitilia shaka kwa kuwa zinafanana kidogo na homoni ya kike, ingawa kwa viwango vinavyoruhusiwa wataalamu wengi hawajathibitisha madhara. Mkuu wa maabara, mama mrefu asiyepandisha sauti hata mashine zinapopiga kelele, ameziondoa na kuweka kihifadhi kingine chenye jina refu kama treni ya mizigo. Losheni hiyo ameihangaikia kwa miaka. Ukiitaja mbele yake unataja mtoto wake.

Tuna desturi moja ambayo najua utaipenda. Losheni mpya haipakwi mtu wa nje kabla hatujaipaka sisi. Kila mmoja huipaka asubuhi na jioni kwenye mkono asioutumia kufanyia kazi, na kila Ijumaa tunasimama mstari mbele ya mkuu wa maabara tukinyoosha mikono aikague. Nimeshaanza kupaka. Inanukia vizuri sana.

Ni mimi mpwa wako,
Mkemia (katika majaribio)


27 Februari

Profesa,

Marahaba, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza kimya, mara ya pili kwa sauti, mbele ya wateja wanne na mmoja aliyekuwa na povu mashavuni na hakuweza kukimbia. Wote wanakusalimu. Huyu wa povu anauliza kama hiyo mifuko mitatu ya koti ina kitu ndani.

Huku hatujambo. Mkaza mjomba wako amepata meno mapya mawili na sasa anacheka hata kwenye mambo yasiyochekesha, kama mimi. Mama yako ameumaliza mtaa akitangaza kwamba wewe ndiye bosi wa maabara. Nilipomwambia bado uko kwenye majaribio alinijibu, "Hata mimba ni majaribio, lakini nguo za mtoto zinanunuliwa." Kwa hiyo ameshanunua kitambaa cha kushona kwa siku utakayothibitishwa. Kina maua makubwa. Ukianguka, mwanangu, utaangukia kwenye hayo maua.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Redioni walimleta bwana mmoja, akaeleza kwamba vitu vinavyotiwa kwenye krimu zisioze vinaingia mwilini na kufanya vurugu. Nikaitazama rafu yangu. Ile krimu ya kupaka baada ya kunyoa ninayo tangu mwaka juzi, haijabadilika rangi wala harufu. Nikajiuliza: mkate unaoza, nyanya inaoza, mimi mwenyewe nitaoza, hii krimu inajiona nani? Nikazitoa zote.

Sasa natengeneza yangu. Mafuta ya alizeti, maji ya mshubiri, maji ya kuchemsha, kijiko cha asali, napiga kwa mwiko mpaka mkono uombe ruhusa. Inakuwa nyeupe kama wingu. Nimewapaka wateja, wanasema inapoza. Fundi wa rangi anasubiri neno lako tu, aandike ukutani: KRIMU YA KINYOZI. HAINA KEMIKALI. IMEPITISHWA NA MKEMIA.

Mjomba wako,
Kinyozi (aliyethibitishwa)


15 Machi

Mjomba wangu mheshimiwa,

Shikamoo. Hongera kwa mkaza mjomba kwa meno yake, natamani ningeyaona. Mimi naendelea vizuri. Nimehamia chumba cha upande wa uani, ambako jirani yangu ni fundi viatu anayeimba nyundo ikiwa mkononi na kunyamaza akiiweka chini.

Kuhusu krimu, nimesikitika kwamba siwezi kuipitisha, nami nitaeleza sababu kwa utaratibu. Kwanza, hakuna kitu kisicho na kemikali. Maji ni kemikali. Asali ni kemikali nyingi zilizokaa pamoja kwa amani. Pili, bwana wa redioni hakukosea kutaka watu waulize: vipo vihifadhi vinavyowasha ngozi za baadhi ya watu, na vipo vilivyopigwa marufuku katika baadhi ya nchi. Lakini hakueleza vihifadhi vinafanya kazi gani. Mafuta yakichanganywa na maji na mshubiri, umewaandalia bakteria na kuvu chakula, kinywaji na malazi. Hawaonekani siku ya kwanza. Nawe, mjomba, unawapaka watu muda mfupi baada ya wembe, ngozi ikiwa na mikwaruzo ambayo macho hayaioni. Hao ndio watu wa mwisho kupakwa krimu ya namna hiyo.

Kama hutaki vihifadhi, basi usitie maji. Mafuta matupu, kwenye chupa safi na kavu, hayaozi upesi namna hiyo. Na tafadhali fundi wa rangi aambiwe asubiri.

Kuhusu kazi, maendeleo ni ya kuridhisha. Kila Ijumaa tunanyoosha mikono ya kushoto, na mkuu wa maabara hupita akiimulika kwa tochi ndogo. Wangu ameusifu mbele ya wote. Alisema ngozi kama hii ndiyo inayopaswa kutangaza losheni. Siku hizi navaa shati la mikono mirefu, ingawa maabara ina joto. Naona linanipa sura ya mtu wa kazi.

Wako mtiifu,
Mkemia


12 Aprili

Profesa,

Nimechelewa kujibu, usinihesabie. Mambo yalikuwa mengi. Uliposema maji ni kemikali, mimi nilioga kwa wasiwasi wiki nzima.

Krimu inakwenda vizuri. Wateja wanaisifu, hasa wale ambao hawajaipaka. Kuhusu ukuta, fundi wa rangi alikuja siku ambayo barua yako ilikuwa bado njiani, na mtu wa rangi ukimrudisha leo unampata mwakani. Kwa hiyo yameandikwa. Herufi zimekaa vizuri sana, utazipenda.

Mama yako anakohoa kidogo lakini akimpata wa kumsimulia habari zako kikohozi kinapotea. Ameanza kumsumbua fundi cherehani kuhusu mikono ya gauni, iwe mifupi au iwe ya mawimbi. Uamuzi bado.

Hujasema losheni yenyewe inakupokeaje. Umesema mkuu wako ameusifu mkono. Mkono unaonekana, mimi nilikuuliza wewe unajisikiaje? Au sikuuliza? Basi nauliza.

Mjomba

Mimi ni mkaza mjomba wako, nimeomba kalamu niweke salamu. Muulize mjomba wako kwa nini mwalimu mkuu anavaa kofia hadi darasani, ilhali jua liko nje. Muulize na ile ndoo ya nyuma ya nyumba inanukia nini. Mimi sijasema kitu.


28 Aprili

Mjomba wangu mheshimiwa,

Shikamoo, nawe mkaza mjomba, ahsante kwa salamu zako ambazo hazikusema kitu.

Nitakuwa mfupi. Tafadhali acha kumpaka mtu yeyote krimu hiyo. Mwalimu mkuu aende zahanati, avue kofia, aeleze alipakwa nini. Ndoo imwagwe, chupa zitupwe, mwiko uchomwe. Naandika kwa heshima zote, lakini naandika.

Huku mambo yanakwenda kama yalivyopangwa. Mwisho wa Julai majaribio yangu yanakamilika, na wiki hiyohiyo losheni itaanza kujazwa kwenye chupa ili iende madukani. Mkuu wa maabara ameniambia kwamba hakuna sababu yoyote anayoiona ya kunizuia kuthibitishwa.

Mkemia


20 Mei

Profesa,

Salamu zako zimefika zikiwa zimekunja uso, nasi tumezipokea hivyohivyo.

Ni kweli. Mwalimu mkuu alitokwa na vipele vya usaha kisogoni, mstari mzima, kama shanga. Alikuwa anavaa kofia ili asiniaibishe. Angalia mtu alivyo na utu, mimi namwozeshea kisogo na yeye ananifichia. Nilikwenda kwake mwenyewe nikampeleka zahanati. Amepewa dawa, amepona, amerudi kitini kwangu na sasa kabla ya kukaa ananusa taulo. Ndoo nimeimwaga. Ilikuwa imeota ndevu za ukungu, Profesa. Kinyozi mzima nimefuga ndevu ndani ya ndoo. Ukutani nimepaka chokaa juu ya yale maandishi, na mvua ikinyesha neno MKEMIA linachungulia tena.

Sasa natumia mafuta matupu kama ulivyoelekeza. Ulikuwa na haki, mimi nilikuwa na redio.

Lakini nimesema yangu, na sasa ni zamu yako. Nilikuwa namnyoa bwana mmoja, mtoto wake amekaa benchini anachora kwa mkono wa kushoto, ulimi nje. Nikakukumbuka. Nikasimamisha wembe hewani hadi bwana akauliza kama kuna tatizo. Barua yako ya kwanza ilisema losheni inapakwa mkono usioutumia kazini. Ya pili ikasema kila Ijumaa mnanyoosha wa kushoto. Wewe una shoto, mwanangu. Mimi ndiye niliyegombana na mwalimu wako wa darasa la kwanza aliyetaka kukufunga mkono huo kwa leso. Mkono wako wa kupumzika ni wa kulia. Sasa huo wa kushoto unaunyoosha wa kazi gani? Na huo wa kulia uko wapi, katika shati la mikono mirefu, kwenye joto?

Mtu anayekaa kwenye kiti cha kinyozi bila kuvua kofia huwa simvui. Namsubiri. Nakusubiri.

Mjomba


18 Juni

Profesa,

Posta wamenihakikishia kwamba hakuna gari lililopinduka na barua. Kitambaa kimeshapelekwa kwa fundi. Mikono ni ya mawimbi.

Mjomba


26 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini kikohozi cha mama kimepungua, na kwamba wewe hujaacha kunisubiri. Nimeanza barua hii mara kadhaa kwa lugha nzuri, na kila lugha ilipokuwa nzuri niliona ninakwepa. Kwa hiyo nitaeleza tu yaliyotokea.

Ijumaa ya kwanza wenzangu wote walinyoosha mkono wa kushoto, nami nikanyoosha wa kushoto. Ilikuwa ni kufuata mkumbo tu. Nilipogundua, mkuu wa maabara alikuwa ameshapita, na mkono wa kulia ulikuwa mzima vilevile, hivyo sikuona haja ya kujifanya mjinga katika wiki yangu ya kwanza. Wiki ya pili mkono wa kulia ulianza kuwasha. Wiki ya tatu ulikuwa mwekundu kutoka kwenye kifundo hadi kiwikoni, una vipele vidogovidogo vyenye maji, na usiku niliulaza juu ya sufuria ya mkaza mjomba kwa sababu ina baridi. Ijumaa nikanyoosha wa kushoto. Nikasifiwa. Baada ya kusifiwa mara moja, mjomba, Ijumaa inayofuata inakuwa ndefu kuliko wiki. Niliacha kuipaka losheni, mkono ukatulia. Nikaipaka tena ili nijidanganye, ukawaka upya. Nilijua maana yake. Ni somo ambalo nililipata kwa alama za juu kabisa chuoni.

Nilikuwa nimejiambia kwamba ni mimi tu. Kwamba ngozi moja si takwimu. Hayo yalinitosha mpaka mwezi huu.

Kuna mwenzangu tunayemwita Kimya, kwa sababu huongea siku ya mshahara tu. Mkewe amejifungua. Siku moja nilimkuta kwenye kabati la sampuli akitia chupa moja ya losheni mfukoni, akaniona, akaona aibu.

"Naipeleka nyumbani," akasema. "Mtoto ana ngozi kavu. Kwani si ya watoto?"

"Ndivyo itakavyoandikwa."

"Basi niambie wewe mwenye mkono mzuri kuliko sisi wote. Nimpake?"

Nilikuwa na jibu zuri la kitaalamu lenye sehemu tatu. Badala yake nilifungua kifungo cha shati.

Aliutazama mkono wangu, akairudisha chupa kabatini polepole, kama mtu anayerudisha yai chini ya kuku. Kisha akasema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akisema: "Usipomwambia mkuu leo, kesho nitamwambia mimi, na mimi sijui kuongea, nitaharibu."

Nilikwenda nikiwa na mkono nje. Mkuu wa maabara alikuwa anapima kitu kwenye mizani. Alimaliza kupima kwanza.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu wiki ya pili."

"Ijumaa zote hizi nilimulika nini?"

"Wa kushoto. Losheni niliipaka kulia. Naandika kwa kushoto."

Alinisukumia kalamu. "Andika jina lako." Nikaandika. Alikaa akiutazama huo mkono ukiandika, na kwa mara ya kwanza nikaona uso wake umechoka.

"Muda wote huu umekaa meza ya pili kutoka kwangu," akasema, "na sikuwahi kuona unaandika kwa mkono gani. Mimi mwenye tochi."

Aliwaita wote wanyooshe mikono yote miwili. Mpima mizani wetu alikuwa na kiraka kidogo chekundu mkononi ambacho alidai ni mbu; mkuu akamuuliza ni mbu gani anayeuma mahali pamoja kila wiki. Tulipelekwa sote wawili kwa daktari wa ngozi, akatubandika viplasta mgongoni vyenye kemikali mbalimbali. Kile cha kihifadhi chetu kipya, chenye jina refu kama treni ya mizigo, ndicho kilichowaka. Ni mzio. Wengi wanaweza kuipaka losheni ile maisha yao yote wasipate lolote. Baadhi yetu hatuwezi. Na mimi, niliyekuandikia kwa maringo kwamba vipo vihifadhi vinavyowasha baadhi ya watu, niliandika hayo nikijikuna.

Losheni imesimamishwa. Haitaingia kwenye chupa mwezi huu wala ujao. Mkuu wa maabara amerudi mezani kutafuta kihifadhi kingine, na juzi nilimsikia akisema huenda akarudisha parabeni kwa kiwango kidogo na kufuta zile herufi kubwa. Aliyasema kwa uchungu, lakini aliyasema.

Sasa jambo lililokuwa likinizuia kukuandikia. Sijathibitishwa. Majaribio yangu yameongezwa miezi mitatu. Mkuu alinieleza mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa: hajaniongezea kwa sababu nimesema, ameniongezea kwa sababu nilichelewa kusema. Nilimjibu kwamba naona ni haki. Akasema, "Usinijibu vizuri. Nijibu mapema." Kisha akanipa kazi ya kusimamia ukaguzi wa Ijumaa, mikono yote miwili, na akanikabidhi tochi.

Mama sijamwandikia. Gauni limeshashonwa, najua. Nakuomba umwambie kwa lugha yako, kwa kuwa yangu ina vifungu vingi mno. Mwambie nimeshindwa kidogo.

Mpwa wako,
mkono umepoa


9 Agosti

Profesa,

Marahaba, mwanangu. Kikohozi kimekwisha, mkaza mjomba wako anakupa pole ya mkono na anauliza sufuria inaendeleaje.

Nilimwendea mama yako jioni akiwa anakaanga vitunguu, ili kama atalia tuwe na wa kumsingizia. Nikamsomea yote, tangu mstari wa kwanza. Lile la kushindwa kidogo nililisoma taratibu. Akageuza vitunguu. Akauliza, "Kwa hiyo hiyo losheni ilikuwa iende kwa watoto wachanga?" Nikasema ndiyo. "Na sasa haiendi?" Nikasema haiendi. Akazima jiko, akaingia chumbani, nikajua ameenda kulia.

Alitoka amevaa gauni. Mawimbi mpaka kwenye viwiko. Akapita mbele yangu, akatoka nje, na vitunguu nikavimalizia mimi.

Kwa hiyo nakuarifu, rasmi kama unavyopenda, kwamba habari zilizopo mtaani hivi sasa ni kwamba umesimamisha kiwanda kizima, mashine na chupa zake, kwa mkono mmoja. Nilijaribu kusahihisha. Wateja wangu wamekataa kusahihishwa. Mwalimu mkuu ameuliza ni mkono upi, nami nimemwambia anyooshe yote miwili.

Mjomba wako